Lima mkonge, usiingie mkenge!

Tuseme ni jioni. Uko kijiweni na washikaji zako hapo Usagara, jijini Tanga, mnakunywa kahawa na kashata. Anakuja jamaa mmoja, viatu vinang'aa, simu ya bei mbaya. Anawasalimia vizuri, anawalipia kahawa, halafu anainamisha sauti:

"Wadogo zangu, mnaijua hempu? Ulaya wanalima hadharani kabisa. Siyo bangi ile ya kuvuta, hii ni ya kamba na nguo. Mbegu ninazo. Nyie tafuteni shamba tu kule Muheza. Miezi minne, mshiko huo hapo."

Wewe ungemjibuje? Huna kazi. Nyumbani wanakuangalia. Shamba la babu lipo, limejaa magugu. Na jamaa anaongea kama mtu anayejua.

Ndugu msomaji, katika maneno ya jamaa huyo kuna ukweli kidogo. Ndiyo maana ni hatari. Uongo mtupu mtu anaushtukia mapema, lakini uongo uliochanganywa na ukweli unaweza kukupeleka jela huku unajiona mjanja. Haya basi, tuuchambue pamoja.

Hempu ni mmea gani?

Hempu ni bangi. Ndiyo, ni mmea uleule. Wataalamu wa mimea wanaziita zote mbili kwa jina moja, Cannabis sativa. Tofauti iko kwenye kemikali moja iitwayo THC. Hiyo ndiyo inayomlevya mvutaji.

Kwa miaka mingi wakulima wa nchi za nje walichagua mbegu zenye THC kidogo sana na shina refu lenye nyuzi nyingi. Aina hizo ndizo zinazoitwa hempu. Marekani iliruhusu kilimo cha hempu nchi nzima kwa sheria ya mwaka 2018, na kiwango kilichowekwa ni THC isiyozidi asilimia 0.3. Kanada iliruhusu mapema zaidi, mwaka 1998. Ufaransa na China wanalima sana. Jirani zetu wa Malawi nao walipitisha sheria mwaka 2020 ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na kwa viwanda, kwa leseni maalumu.

Kwa hiyo jamaa hakudanganya aliposema kuna wanaolima kwa halali. Nyuzi zake zinatoa kamba, turubai, nguo na karatasi. Mbegu zake zinakamuliwa mafuta. Zamani, kabla ya nailoni, meli nyingi za Ulaya zilifungwa kwa kamba za mmea huu.

Sasa tuje kwenye yale aliyoyaficha.

Sheria yetu inasemaje?

Hapa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Hiyo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka inayofyeka na kuchoma mashamba ya bangi ambayo huwa tunayaona kwenye habari. Kulima mmea huu ni kosa. Sheria haiulizi kama ulitaka kuvuta au kusokota kamba. Mahakama zetu zimeshawafunga watu miaka 30 kwa kosa la kulima bangi.

Miaka 30! Piga hesabu. Kama leo una miaka 20, utatoka una 50. Wenzako watakuwa na wajukuu.

Na usijidanganye kwamba wewe "umetoa shamba tu". Anayeruhusu eneo lake litumike kwa kazi hiyo huku anajua, naye anaingia hatiani. Ukitazama vizuri, katika dili la yule jamaa shamba ni lako, jembe ni lako, na jina linalojulikana kijijini ni lako. Yeye ana mbegu mfukoni na viatu vinavyong'aa. Polisi wakija, nani atakutwa shambani?

Hata pale inaporuhusiwa, si mteremko

Labda utasema: "Siku moja sheria inaweza kubadilika." Sawa. Sheria hutungwa na Bunge, na Bunge linaweza kuzibadilisha. Lakini hata kwa wenzetu wanaoruhusiwa, hempu si pesa ya miezi minne kama unavyoambiwa.

Kwanza, kwa macho huwezi kutofautisha hempu na bangi ya kuvuta. Majani yanafanana, hata harufu inakaribiana. Inabidi jani lipelekwe maabara likapimwe. THC ikizidi kiwango, hata kidogo tu, mara nyingi zao lote linaharibiwa na mkulima anabaki na deni. Sasa huyo jamaa wa kijiweni mbegu zake amezipima maabara gani?

Pili, chavua ya mmea huu inasafiri na upepo mbali sana. Kama kuna shamba la bangi la siri mlimani, mbegu zako za msimu ujao zinaweza kuwa za mchanganyiko.

Tatu, hempu huanza kutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya zimezoea mchana mrefu wa kiangazi chao. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Ukipanda mbegu hizo Muheza, mmea unaweza kutoa maua ukiwa bado mfupi, na mmea mfupi hauna nyuzi za maana.

Nne, kupata nyuzi ni kazi ya kiwanda. Mashina yanavunwa, yanaachwa yalainike kwa umande au maji mpaka nyuzi ziachane na kijiti, kisha yanapondwa na kuchanwa kwa mashine. Bila kiwanda cha kununua, una kuni tu. Kuni za miaka 30.

Mbona hapa Tanga tayari tuna katani?

Hapa ndipo wengi wanapochanganywa. Neno "katani" ni la zamani. Kamusi za zamani zinalitumia kwa uzi na nyuzi za kamba, pamoja na hizo za hempu. Lakini ukisema katani hapa Tanga, kila mtu anajua unazungumzia nyuzi za mkonge. Kwa hiyo akitokea mtu akakwambia "serikali imeruhusu katani", muulize: katani ipi? Ya mkonge hukuhitaji kuruhusiwa upya. Imekuwepo toka enzi za babu wa babu yako.

Mkonge ni mmea mwingine kabisa. Hauna undugu na bangi, na haulevyi. Asili yake ni Meksiko, na jina lake la kizungu, sisal, linatokana na bandari ya huko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, mingi ikafa njiani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 mashamba yakaenea Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa mpaka Kenya.

Kufikia miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Reli, bandari na mitaa mingi ya Tanga ilikua kwa pesa ya mkonge. Lakini tusiwasahau waliotoa jasho: manamba, yaani wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali na hata nchi jirani. Wengi hawakurudi kwao, na wajukuu zao ndio baadhi yetu tunaosoma gazeti hili.

Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakatelekezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000 tu kwa mwaka. Siku hizi zao limeamka tena. Dunia imechoka na plastiki, na hapa nyumbani mafundi wa jipsam wanatumia katani kila siku kuimarisha dari. Kuna kamba, magunia, mazulia, na brashi za kung'arishia vyuma. Na tofauti na zamani, leo si mabwana shamba wakubwa peke yao. Wakulima wadogo nao wamo, hasa kule Korogwe: Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi.

Mkonge unalimwaje?

Tukuambie ukweli mapema: mkonge hautaki mtu mwenye haraka.

• Miche. Mkonge ukizeeka unatoa mlingoti mrefu wenye maua. Juu yake huota vichipukizi vidogo vingi. Hivyo ndivyo vinavyookotwa na kukuzwa kitaluni mwaka mmoja au zaidi kabla ya kwenda shambani. Usiokote ovyo kwenye shamba lenye ugonjwa. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kimeufanyia kazi mkonge tangu miaka ya 1930. Aina ya chotara namba 11648, inayotoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa kawaida, inatokana na kazi za watafiti wetu wa huku huku Tanga.

• Shamba. Mkonge unavumilia jua kali na ukame, lakini haupendi maji yanayotuama. Hupandwa kwa mistari miwili miwili, na katikati inaachwa njia pana. Miaka ya mwanzo unaweza kupanda kunde, maharage au mahindi kwenye nafasi hizo. Huo ndio ugali wako wakati unasubiri.

• Kuvuna. Jani la kwanza unakata baada ya kama miaka mitatu. Baada ya hapo unaendelea kukata kwa miaka mingi. Usikate kwa tamaa. Ukiubakiza mmea na majani machache mno, unaudumaza.

• Korona. Hii ndiyo mashine inayokwangua jani na kutoa nyuzi. Jani likishakatwa linatakiwa lifike korona haraka, ndani ya siku moja au mbili, kabla halijakauka. Kwa hiyo kabla hujapanda, uliza: korona iko wapi? Ina nafasi? Usafiri nani analipa? Wakulima wengi wadogo wamelia kwa sababu majani yaliwakaukia shambani.

Kumbuka pia kwamba katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Zinazobaki ni maji na makapi. Miaka mingi makapi hayo yalitupwa na kuchafua mito. Lakini kule Hale, kwenye miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kuyageuza kuwa gesi na kutoa umeme. Kijana mwenye akili hapo anaona nini? Mbolea, gesi, chakula cha mifugo. Kazi bado ipo.

Linda mwili wako

Tusikudanganye kama yule jamaa. Mkonge ni halali, lakini unaumiza usipokuwa mwangalifu.

Macho. Ncha ya jani ina mwiba mkali kama sindano. Wapo waliopoteza jicho kwa kuinama tu. Vaa miwani ya kazi. Wengine huikata ile ncha kwanza kabla ya kuanza kuvuna.

Ngozi. Maji ya jani la mkonge yanawasha na kuchubua. Vaa glavu, shati la mikono mirefu na buti. Nawa kwa maji mengi na sabuni ukimaliza.

Mikono. Korona haina huruma. Usilishe mashine ukiwa umevaa nguo inayoning'inia, na usijaribu kuchomoa jani lililokwama wakati inazunguka. Izime kwanza, hata msimamizi akikupigia kelele.

Mapafu. Hapa wengi hawajui. Nyuzi zikishakauka zinapigwa brashi, na vumbi linajaa chumba kizima. Watafiti waliochunguza viwanda vya mkonge vya Tanga na Morogoro kwenye miaka ya 2000 walikuta kikohozi na matatizo ya kifua kwa wafanyakazi wengi, hasa wa chumba cha brashi. Na si mkonge tu. Vumbi la pamba, la kitani na la hempu pia linajulikana kwa kuleta ugonjwa wa kifua unaobana zaidi siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Ukiona kila Jumatatu kifua kinabana, usiseme ni mafua. Nenda kituo cha afya, na mwambie daktari unafanya kazi gani. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Dai barakoa ya kuzuia vumbi, na chumba chenye madirisha au feni ya kutoa vumbi nje.

Haki zako. Mwajiri ana wajibu wa kukupa vifaa vya kujikinga. Ukiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Toa taarifa mapema na tunza karatasi za hospitali. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari. Kwa hiyo mdogo wako wa miaka 15 mahali pake si kwenye korona.

Mnatuuliza, tunajibu

Kuna wanaosema bangi inaongeza nguvu za kukata mkonge. Ni kweli?

Hapana. Bangi haiongezi nguvu kwenye misuli. Inachofanya ni kukupotezea hisia za uchovu na muda, na kukuchelewesha kushtuka. Mtu anayechelewa kushtuka akiwa ameshika kisu, au amesimama mbele ya korona, anatafuta kilema.

Mbona babu yangu alivuta na hakuwa kichaa?

Si kila anayevuta anachanganyikiwa, kama ambavyo si kila anayeendesha bodaboda bila kofia anakufa. Lakini hatari ipo, na ni kubwa zaidi kwa kijana. Ubongo unaendelea kukua mpaka kwenye miaka 25 hivi. Anayeanza kuvuta mapema, na kuvuta mara kwa mara, anajiongezea uwezekano wa kupata ugonjwa wa akili, hasa kama kwenye ukoo wao ugonjwa huo upo. Kumbukumbu na masomo navyo vinashuka. Inakadiriwa kuwa katika kila wavutaji kumi, kama mmoja anakuwa mtegemezi. Kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo, ni kama mmoja katika kila sita.

Rafiki yangu anataka kuacha lakini anashindwa. Afanyeje?

Asione haya. Kukosa usingizi, hasira na kukosa hamu ya kula siku za kwanza ni kawaida, na mambo hayo hupungua. Aende hospitali yenye huduma ya afya ya akili, aongee na muuguzi au daktari. Na wewe usimcheke. Mpeleke, msubiri nje, rudini pamoja.

Nimekuta miche ya bangi imeota kwenye shamba letu. Niseme?

Usikae kimya na usiichume. Mwambie mzazi au mlezi, kisha mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mapema kabla hujakutwa nayo.

Sina mtaji wa miaka mitatu ya kusubiri. Nifanye nini?

Swali zuri. Anza kidogo. Nusu eka ya mkonge pembeni, na mazao ya chakula katikati. Au jiunge na chama cha ushirika cha wakulima wa mkonge mlicho nacho jirani. Bodi ya Mkonge Tanzania ina ofisi hapahapa jijini Tanga. Nenda ukaulize miche, mafunzo na soko. Kuuliza ni bure. Na ukipewa mkataba, usome wote, au umpe mtu unayemwamini akusomee, kabla hujaweka sahihi.

Turudi kijiweni

Kahawa imepoa. Yule jamaa bado anasubiri jibu. Sasa unayo maswali matatu ya kumrudishia:

1. Kibali cha serikali cha kulima kiko wapi? Nataka kukiona kwa macho.
2. Mbegu zimepimwa maabara ipi?
3. Jina la nani litaandikwa kuwa mwenye shamba?

Utaona anavyoanza kutafuta njia ya kuondoka. Mpe mkono, mshukuru kwa kahawa, mwache aende zake.

Mkonge haukupi pesa ya haraka. Utakuchoma mwiba, utakuwasha ngozi, utakusubirisha miaka mitatu. Lakini usiku utalala usingizi, na mlango ukigongwa hutaruka dirishani. Wazee wetu walisema, mwenda pole hajikwai.

Lima mkonge, usiingie mkenge. Kazi kwako!